Hii Gari Inalia Wapi?

Land Rover ya mzee imeanza kugonga njiani, na nyumbani nako mmeanza kununiana. Kabla hamjaiuza, na kabla hamjamwaga pesa gereji, pandeni nayo mlima mkiwa wawili. Mmoja aendeshe, mwingine asikilize.

Desemba ikifika, barabara ya Dar kwenda Moshi inajaa. Wachagga wanarudi nyumbani "kuhesabiwa", kama wanavyotaniwa, na wenye nazo wanakuja na mashangingi yao. Lakini ukipanda vijijini, iwe Marangu, Kibosho, Machame au Rombo, hukosi kuona pembeni ya migomba chombo cha aina nyingine kabisa: Land Rover 109 ya mzee, rangi imechujuka, bodi imebonyea hapa na pale, na bado inawaka. Ndiyo iliyoteremsha kahawa, ikapeleka wagonjwa hospitali usiku, ikabeba na maharusi. Sasa mzee amechoka kuendesha, au ametangulia mbele ya haki, na gari limekuwa lenu.

Mwezi wa kwanza ni raha tupu. Mnapiga picha, marafiki wanasifia, mnaonekana watu wenye ladha. Halafu mlio unaanza. "Klang!" kila ukiachia klachi. "Ng'uuuu" ukifika spidi ya 60. Kaka anasema, "Mpenzi, hizi gari ndivyo zilivyo." Dada anajibu, "Basi uza huu mkweche tununue Vitz kama watu." Fundi wa kwanza anasema ni difu. Wa pili anaapa ni giaboksi. Wa tatu anataka kushusha kila kitu chini, na kila mmoja anaomba advansi. Kabla hamjashtuka, hela ya kiwanja imeguswa bila mwenzako kuambiwa. Hapo ugomvi sio wa gari tena.

Ngoja tuseme ukweli mmoja ambao ungewaokoa wengi. Mlio wa gari haukuambii kifaa gani kimekufa. Unachokuambia ni LINI: ukipanda au ukishuka, ukikanyaga mafuta au ukiachia, ukikata kona au ukienda moja kwa moja. Anayejua lini atajua wapi. Na ninyi mnaokaa Moshi mna bahati ambayo wa Dar hawana, kwa sababu mlima wenyewe ni mashine ya kupimia.

MJUE MGONJWA KWANZA

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Aprili 1948, kwenye maonyesho ya magari Amsterdam. Zile za zamani zinaitwa Series, na nyingi tulizonazo huku ni Series II, IIA au III. Series III ilianza kutengenezwa 1971 na kuishia 1985. Hiyo 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Miaka ya baadaye nyingine ziliunganishwa hapo jirani tu, Thika, Kenya. Na mapenzi yake hayajaisha: Oktoba 2024 wenye Land Rover kutoka kila upande walijazana Arusha kwenye tamasha la magari hayo.

Nguvu ya injini inapita njia ndefu kabla haijafika kwenye tairi. Inatoka kwenye klachi, inaingia giaboksi, kisha transfa. Kutoka transfa zinatoka propela mbili, moja kwenda mbele na moja nyuma. Kila propela ina krosijointi mbili, ile misalaba ya chuma inayoiruhusu kupinda huku inazunguka. Propela inaingia kwenye difu, na difu inasukuma shafti zinazozungusha magurudumu. Kila kituo kwenye njia hiyo kinaweza kulia, na kila kimoja kina wakati wake wa kulia.

Kama la kwenu ni Peugeot 504, kumbuka propela yake imefichwa ndani ya bomba, hivyo huwezi kuishika kwa mkono kama tutakavyoeleza hapo chini. Na wenye VW ya kobe, ninyi hamna propela kabisa, injini na giaboksi vyote viko nyuma. Lakini majaribio ya barabarani yanawahusu wote.

SIO KILA MLIO NI UGONJWA

Series yenye afya njema nayo ina kelele. Transfa yake inapitisha nguvu kwenye meno ya gia muda wote, kwa hiyo kale kamluzi ka chinichini kapo tangu inatoka kiwandani. Tairi za vipara vikubwa nazo zinaimba kwenye lami. Kwa hiyo swali sio "Mbona inapiga kelele?" Swali ni "Kelele ipi ni MPYA?" Anayeweza kujibu vizuri mara nyingi sio dereva, kwa sababu sikio la dereva limeshazoea. Ni yule anayekaa pembeni, ambaye kila akisema "mbona leo inalia tofauti" anaambiwa hajui magari. Kaka, msikilize.

Kingine, kabla hujamlaumu fundi wala marehemu mzee, angalia kinobu cha njano pale chini karibu na gia. Kikisukumwa chini, foowili inaingia. Kwenye tope la njia za migombani ni msaada mkubwa. Kwenye lami kavu ni balaa. Series haina difu ya katikati, kwa hiyo ukikata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda mwendo tofauti na chuma kinakataa. Usukani unakuwa mzito, tairi zinakwaruza, kunagonga chini kama kuna kitu kinataka kukatika. Watu wamefungua giaboksi kwa sababu ya kinobu tu! Kutoa foowili, simamisha gari kabisa, vuta kile kirungu chekundu kuingia gia za chini, kisha kirudishe mbele. Cha njano kitaruka juu chenyewe. Gari likikataa kutoa, rudi nyuma kidogo kwa kunyoosha usukani, kisha jaribu tena.

JUMAMOSI YA KUPIMA

Chagueni siku kavu, asubuhi, kabla magari hayajawa mengi. Pimeni upepo wa tairi zote kwanza, kwa sababu tairi mbovu inaigiza magonjwa mengi. Toeni jeki, spana na chupa zote zinazobingirika nyuma. Anayekaa pembeni awe na daftari na kalamu. Simu ziwekwe kimya, na redio izimwe.

Moshi mjini iko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, na lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Kwa hiyo kwa asubuhi moja mnapata kipande cha kwenda mserego, kipande cha kubeba mzigo wa kupanda karibu mita 1,000, na kipande kirefu cha kushuka.

Kipande cha kwanza, Moshi hadi Himo. Hapa mnatafuta milio inayofuata spidi. Endesha kwa mwendo uleule, kwenye 50 kisha 60 kisha 70, pale sheria inaporuhusu. Mlio ukisikika, badilisha gia huku spidi ikibaki ileile. Mlio ukibadilika pamoja na injini, tafuta mbele: injini, klachi au giaboksi. Ukibaki vilevile, tafuta nyuma: propela, difu, beringi za magurudumu au tairi. Mkipita kwenye lami ya aina nyingine na mlio ukabadilika ghafla, hizo ni tairi, nendeni mkale mtori kwa amani.

Kipande cha pili, Himo kupanda Marangu Mtoni na juu zaidi. Sasa mafuta yamekanyagwa na chuma kinabeba mzigo. Difu yenye meno yaliyolika upande wa kuvuta italia hapa. Hapa pia mtajua kama klachi inateleza: injini inapanda sauti na gari haliongezi mwendo.

Kipande cha tatu, kushuka. Ingiza gia ya tatu au ya pili, toa mguu kwenye mafuta, acha injini ishike gari. Mzigo umegeuka, magurudumu ndiyo yanasukuma injini. Mlio uliokuwepo wakati wa kupanda ukanyamaza sasa, au uliokuwa kimya ukaanza sasa, unaelekeza kwenye difu: ama meno yamelika upande mmoja, ama beringi ya pinioni imelegea. Na gia ikiruka yenyewe kutoka wakati wa kushuka, huo sio mlio wa kuvumilia. Msiendelee kulitembeza gari hilo mlimani mpaka giaboksi iangaliwe. Wala usishuke na gia fri eti upime kelele. Jaribio la fri ni la mahali pa tambarare tu, barabara ikiwa tupu.

Anayeandika aandike kwa maneno yake. "Inalia kama nyuki, kwenye 60, mafuta yakikanyagwa, ikiachiwa inanyamaza." Sentensi kama hiyo inamsaidia fundi kuliko "inasumbua tu nyuma huko".

KAMUSI NDOGO YA MILIO

- "Klang" moja ukiachia klachi, au ukikanyaga na kuachia mafuta: krosijointi imelika, yuboliti za springi zimelegea, maunti za injini zimechoka, au difu ina uwazi mkubwa. Anza na zile za rahisi.

- "Kwichi, kwichi, kwichi" kama ndege, mwendo wa polepole, ikienda haraka inaongeza kasi: krosijointi imekauka grisi. Ukipuuza, kwichi itageuka klang.

- "Ng'uuu" ndefu kwenye spidi fulani, ikibadilika ukikanyaga au ukiachia mafuta: difu.

- "Gurrr" nzito inayoongezeka ukikata kona upande mmoja: beringi ya gurudumu. Mara nyingi ni lile la upande wa nje wa kona, maana ndilo lililobeba uzito.

- Mlio unaoanza ukikanyaga klachi: beringi ya klachi. Mlio uliopo gari likiwa fri, na unaokatika ukikanyaga klachi: beringi ya giaboksi, ile ya kuingilia.

- Mlio kwenye gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, lakini ya nne kimya: shafti ya chini ndani ya giaboksi. Ya nne haiipi mzigo, inapita moja kwa moja.

- Mtetemo unaoanza spidi fulani na kupungua ukiipita: propela haijakaa sawa, au tairi haijabalansiwa.

CHINI YA GARI, DAKIKA 20

Hapa hauhitaji kuwa fundi, ila lazima uwe mwangalifu. Hendibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika propela ya nyuma pale kwenye transfa. Maana yake ni nini? Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, hendibreki haikushikilii tena. Na ukifungua propela ya nyuma, gari halina hendibreki kabisa. Kwenye mteremko wa kihamba, gari la namna hiyo linaua. Kwa hiyo tafuta mahali pa tambarare, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi, na mwenzako asimame nje akiangalia.

Gari likiwa tambarare, limezimwa, mawe yamekaa, gia iko fri na hendibreki imeachiwa, shika propela kwa mikono miwili, mkono mmoja kila upande wa krosijointi, na ujaribu kuzungusha kinyume. Ikicheza hata kidogo, imekwisha. Krosi nzima haichezi. Fanya hivyo kwa zote nne. Kisha zungusha propela yenyewe kushoto na kulia. Uwazi mdogo ni wa kawaida, lakini ikizunguka sana ndipo inagonga, difu au shafti zimelika.

Angalia na ncha mbili za propela. Vile vishikio vyake viwili lazima vikae kwenye mstari mmoja. Mara nyingi gari linatoka kupigwa grisi likiwa na mtetemo ambalo halikuwa nao, kwa sababu propela ilichomolewa ikarudishwa jino moja pembeni. Dawa yake ni bure. Vilevile, mzee kama aliongeza majani ya springi ili kubeba mikungu mingi, propela imebadilika pembe, na krosi zinakula haraka.

Mwisho, oili. Giaboksi, transfa na difu za Series zinatumia oili nzito ya gia, EP90. Fundi akimwaga ile ya zamani, simama hapo uone. Vumbi laini la chuma kama tope ni uzee wa kawaida. Vipande vya kushikika kwa vidole ni meno au beringi. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa imeingia maji, na huenda mlio wote umetokana na hapo.

MKIFIKA GEREJI

Sasa mna karatasi mkononi, sio malalamiko. Awe gereji kubwa mjini au gereji bubu chini ya mti kule Majengo, fundi mzuri akisikia "inalia ikipanda, inanyamaza ikishuka" atauliza swali la pili. Fundi maiko atasema bei.

Kubalianeni naye mambo manne. Moja, aanze na cha bei ndogo: grisi, oili, boliti, krosijointi. Bei ya krosijointi haikaribii hata kidogo gharama ya kufumua giaboksi. Mbili, abadilishe kitu kimoja, kisha mpande tena mlima kusikiliza. Vikibadilishwa vitano kwa mpigo hamtajua kipi kilikuwa kinalia. Tatu, spea ya zamani mkabidhiwe mkononi. Nne, spea iagizwe kwa namba ya modeli, kwa sababu difu ya nyuma ya 109 nyingi za Series III ni ya aina ya Salisbury, haifanani na ya Land Rover fupi. Kama foowili haihitajiki wiki hiyo, fundi anaweza hata kufungua propela ya mbele, mkaendesha bila hiyo kwa muda. Mlio ukipotea, mmejua uko upande gani bila kuvunja kitu.

NA NYUMBANI JE?

Gari la urithi lina hatari ya kugeuka nyumba ndogo. Linakula Jumamosi zote, linakula pesa kimyakimya, na likitajwa mezani mtu anakasirika. Mwanaume anatetea kumbukumbu ya baba yake, mke anatetea ada na kiwanja, na wote wawili wana haki. Kosa ni kujadili "gari" kabla ya kujua ugonjwa. "Uza" na "siuzi" ni maneno ya watu ambao hawana taarifa. Mkishajua ni krosijointi mbili na oili, mjadala ni wa dakika tano. Mkishajua ni difu na giaboksi kwa pamoja, mna mjadala mkubwa, lakini angalau ni wa kweli.

Wekeni mfuko wa gari, tofauti na wa nyumba, na kiwango ambacho hakuna anayekipita bila kumwambia mwenzake. Ulizeni pia jambo ambalo wengi wanaliruka: kadi ya gari iko kwa jina la nani? Kama bado ni ya marehemu na mirathi haijafunguliwa, hilo gari ni la warithi wote wa mzee, hata kama wewe ndiye unayelitia mafuta. Kumwaga mamilioni kwenye gari lisilo lako ni ugomvi mwingine, huo na ndugu, tena unakuja Desemba watu wote wakiwepo.

Na kama baada ya kupima mkaona haiwezekani, kuliuza sio kumsaliti mzee. Mpeni atakayenunua ile karatasi yenu ya milio, ajue anachochukua. Kama inawezekana, tengenezeni kidogokidogo, na kila hatua pimeni kwa kupanda tena mlima.

Kwa hiyo Jumamosi hii, tairi zikishapimwa upepo na daftari likiwa tayari, mpe mwenzako usukani na wewe ukae pembeni, kimya, dirisha wazi. Kuanzia Himo kwenda juu, usiseme neno mpaka umesikia. Halafu andika lini.